Kisiwa cha Thelathini na Moja

1

Watu wakisikia kazi yangu hudhani nabuni mambo. Sibuni kitu. Nakata shaba, napaka gundi, nalehemu waya. Mikono yangu ina alama za pasi ya kulehemu kuanzia kidole gumba mpaka kwenye kifundo, na kwa miaka ishirini na miwili sijajenga hata kidude kimoja kilichotoka kichwani mwangu. Kubuni ni kazi ya Mtambo, mashine inayochora kila kifaa. Mimi naitwa Mwantumu binti Shebughe, Mkono wa Kwanza wa Korogwe, na kazi inayonilisha ni kuelewa.

Bwana Mbelwa, afisa wa Muhuri, aliniletea bahasha Jumanne asubuhi.

"Shikamoo, Bi Mwantumu."

"Marahaba. Weka hapo, ila usiweke kwenye gundi."

Akaweka kwenye gundi. Tulipomaliza kuibandua nikaona mchoro wa ndani unahusu nini, nikakaa kitako. Ilikuwa Tulizo ya pili: kidude kidogo kuliko ukucha, cha kuwekwa chini ya ngozi nyuma ya sikio la mwenye kifafa. Kikihisi kifafa kinakuja kinapiga pigo dogo la umeme, na mtu haanguki.

"Kwenye orodha wako elfu moja mia moja na kumi na wanne," Mbelwa akasema. "Kiwanda kiko tayari. Wanasubiri mkono wako tu. Jumatatu, mama, nakuomba."

Sikumwambia kwamba wa mia tatu na tisa kwenye orodha hiyo ni Chausiku, binti wa kaka yangu Hatibu. Taratibu zinasema mwenye ndugu kwenye orodha ajitoe. Ningejitoa, bahasha ingekwenda kwa Mkono wa Kwanza wa Songea, na yule ana foleni ya mwaka mzima. Kwa hiyo nilinyamaza, na sikuumia roho hata kidogo.

Chausiku ana miaka ishirini na minne na mtoto wa miezi saba, Tunu. Aliwahi kuanguka naye bombani. Mtoto hakuumia, Mungu tu, lakini tangu siku hiyo kwa Hatibu kuna amri: Chausiku anakaa chini kwanza, ndipo anawekewa mwanawe mapajani, na mtu mwingine anasimama karibu. Hajambeba akiwa amesimama, hajamfunga mgongoni. Kila nikienda ananiambia neno lilelile. "Shangazi, nikipata hicho kidude nitambeba mwenyewe mpaka gengeni." Hana ombi jingine duniani.

2

Kujenga ni hivi. Bodi moja kubwa yenye ngozi ya shaba inalala mezani nzimanzima, haikatwi. Hiyo ndiyo ethi, umeme wote unarudi hapo. Kutoka bodi nyingine nakata vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, navibandika juu ya ile kubwa. Tunaviita visiwa. Kila kisiwa ni mahali ambapo miguu ya vipande viwili vitatu inakutana na kulehemiwa. Kiwandani mchoro huohuo unachapwa mdogo kiasi cha kuhitaji darubini. Mimi naujenga mkubwa wa sinia, ili jicho lione na kidole kifike.

Na sijengi peke yangu. Mbele yangu anakaa msikilizaji, na sheria inataka asiwe fundi. Wangu ni Bi Somoe, msusi, ambaye saluni yake iko ng'ambo ya barabara. Nikishamaliza kujenga, namsomea bodi kisiwa kwa kisiwa, naye anaweka kidole juu ya kila kimoja na kurudia kwa maneno yake. Akishindwa kurudia, aliyeshindwa kuelewa ni mimi.

"Shoga, na hiki chenye miguu mitatu?"

"Transista. Umeme mdogo ukiingia huku, unafungulia umeme mkubwa kule."

"Kama mkwe wangu. Unamwambia neno moja, inajibu nyumba nzima." Akaweka kidole. "Haya. Kidogo kinaingia, kikubwa kinatoka. Kingine."

Msiione ni michezo. Tulizo ya kwanza ilichapwa bila mkono wa mtu kuigusa. Ilifanya kazi vizuri mno. Chochote kilichofanana na kifafa ilikipiga, na kichwa kikipigwa zaidi ya mara arobaini kwa siku, siku nenda siku rudi, kumbukumbu inalika. Wale watu waliacha kuanguka wakasahau majina ya watoto wao. Wenye Mtambo walipoulizwa kwa nini, wakatazamana. Hapo ndipo ilipotungwa sheria: hakiingii ndani ya mwili kitu ambacho hakuna binadamu mmoja aliyekijenga kwa mkono na kupiga muhuri wa *Nimeelewa*.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimemaliza visiwa arobaini na viwili. Mchoro ulikuwa na arobaini na vitatu. Kile cha thelathini na moja nilikiruka kwa makusudi, kwa sababu hakikuunganishwa na kitu. Hakikuwa na waya wala mguu, ni kipande cha shaba kimekaa pembeni, mbali na vingine, kama mgeni asiyealikwa. Mtambo huacha takataka michoroni, na sisi Mikono ya Kwanza tuna desturi ya kuzifagia kimyakimya. Hatuwaambii maafisa, wangetusumbua.

Nikawasha. Hospitali ilikuwa imerekodi wagonjwa kumi na wawili. Mawimbi ya vichwa vyao nayapitisha kwenye bodi kwa waya, na video zao zinacheza kwenye skrini pembeni. Imeandikwa kila mmoja anaanguka dakika ya ngapi. Taa nyekundu ikiwaka kabla ya dakika hiyo, Tulizo imekamata. Taa haikuwaka kwa mgonjwa hata mmoja.

Nilikagua kila kiungo, nikabadilisha kapasita mbili, nikatukana. Mwishowe, kwa hasira tu, nikakata kile kisiwa kitupu nikakibandika mahali pake. Nikarudia mgonjwa wa kwanza. Dakika yake ilipokaribia nikainama, mkono wa kushoto ukingoni mwa bodi, maana taa ni ndogo na macho yangu yana miaka hamsini na tisa. Ikawaka. Wa pili, ikawaka. Wote kumi na wawili, kila mmoja kabla ya kuanguka. Nilifurahi kijinga, nikajikuta napiga makofi peke yangu.

Furaha ilipopoa nikakibandua kisiwa. Bodi ikafa. Nikakirudisha, ikafufuka. Nikaona si mchezo, nikauuliza Mtambo kile kisiwa kinafanya nini. Jibu likaja: *Kisiwa cha 31 kinahitajika.* Nikauliza kwa namna nyingine, ukajibu vilevile. "Ahsante sana," nikauambia.

Jumamosi nzima nilikipima, umeme umezimwa kama kanuni inavyotaka. Jumapili nikakipima tena. Kwa miaka ishirini na miwili sijawahi kupiga muhuri wa *Sijaelewa*, na nina kiburi na hilo, sifichi. Jumapili hiyo saa saba mchana Hatibu akanipigia simu.

"Dada, Chausiku ameanguka. Paji la uso limegonga kinu."

"Na Tunu?"

"Tunu alikuwa kwa mama yake mdogo. Chausiku ameshonwa nyuzi nne. Anauliza, ni kesho au sio kesho?"

Nikamwambia ni kesho.

3

Jumatatu Mbelwa alikuja na kisanduku cha mihuri miwili, akakaa kwenye benchi. Bi Somoe akavuta kiti. Nilikuwa nimechomoa waya wa mawimbi, lakini umeme wa bodi sikuuzima. Kanuni inasema uzimwe. Kichwa changu hakikuwepo.

Tukasoma. Visiwa thelathini vilikwenda vizuri. Simu ya Mbelwa ikalia, akatoka nje kuipokea. Bi Somoe akasogeza kichwa.

"Na hiki? Hiki mbona hakina kitu?"

Uongo nilikuwa nimeuandaa tangu jana. "Hicho kinakinga kelele. Umeme wa nje una kelele nyingi, kile kinazizuia zisiingie."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Nimekupata. Hakina mguu wala mkono, kazi yake ni kukaa mlangoni tu, kelele za watu zisimwingilie mgonjwa." Yalitoka kinywani mwake mazuri kuliko nilivyoyasema mimi, na aliyaamini. Niliona haya, haya kabisa, ya kutaka kuficha uso kwenye kanga.

Akanyoosha kidole akakiweka juu ya kisiwa. Taa nyekundu ikawaka.

Akakiondoa, ikazima. Akakirudisha, ikawaka.

"Ala! Shoga, mbona kinaniona?"

Waya wa mawimbi ulikuwa unaning'inia mezani. Hapakuwa na mgonjwa kwenye bodi, wala kifafa, palikuwa na kidole cha msusi tu. Nikasogeza mkono wangu wa kushoto bila kugusa kitu. Ulipofika vidole vinne kutoka kwenye shaba, taa ikawaka.

"Mtume!" nikasema.

Nikawasha skrini, nikazirudia video zile. Mara hii sikuangalia mawimbi, nikaangalia watu. Wodi ya wanaume. Wote vichwa vimenyolewa kwa ajili ya vipimo, kila mtu kitandani kwake, hakuna wa kumgusa. Na sekunde kumi na moja kabla ya kuanguka, mkono ulipanda nyuma ya sikio, kama mtu anayefukuza nzi, kisha ukashuka. Wa kwanza hivyo. Wa pili hivyo. Wote kumi na wawili, na hakuna aliyejua anafanya. Madaktari walikuwa wanatazama mawimbi. Mtambo ukautazama mkono, ukatengeneza kisiwa cha kuungojea.

Na majaribio yangu yale mazuri? Nilijua kila mgonjwa anaanguka dakika ya ngapi, na kila dakika ilipokaribia niliinama na mkono wangu ukasogea. Ni mimi niliyekuwa nawasha taa. Fundi wa miaka ishirini na miwili, nimejipima mwenyewe mara kumi na mbili na nikajipigia makofi.

Nilimweleza Bi Somoe yote, haraka haraka, jicho mlangoni. Akarudia bila kukosea. Kisha akaitazama mikono yake.

"Sasa mtu nikimsuka?"

"Kila kidole chako kikipita, anapigwa."

"Msuko wa twende kilioni peke yake napita nyuma ya sikio mara mia."

"Najua."

"Basi anyoe. Nywele si roho." Akafikiri tena, nikaona uso unambadilika. Anamjua Chausiku, ndiye anayemsuka. "Shoga. Na mwenye mtoto mgongoni? Mikono ya mtoto si iko hapahapa?" Akajigusa shingoni, nyuma ya sikio. "Utamwambia mtoto wa miezi saba asimshike mama yake?"

Nilikuwa nahesabu vidole vya Tunu kutoka kwa Hatibu mpaka gengeni, na hesabu ilipita arobaini kabla ya kufika kona ya kwanza. Angembeba mwanawe kila siku kama alivyotaka, na baada ya mwaka angetuuliza mtoto huyu ni wa nani.

4

Mbelwa akaingia akifuta jasho. "Tayari?"

"Nikuulize kwanza. Nikikielewa kitu, halafu nikaona ni kibaya, naandika wapi?"

"Huandiki popote. Muhuri unauliza umeelewa au hujaelewa. Ubaya una ofisi yake, na hawafungui faili mpaka kifaa kimekaa ndani ya watu mwaka mmoja." Akanitazama vizuri. "Kuna ubaya?"

"Na nikisema sijaelewa?"

"Unataja kipande ambacho hujaelewa. Mtambo unachora upya bila hicho. Miezi tisa." Akakaa. "Bi Mwantumu, usinifanyie hivyo. Mwaka jana orodha hii ilikuwa na watu sita zaidi. Mmoja alizama mtoni akifua. Nimekwenda kwenye mazishi yote sita."

Si mtu mbaya Mbelwa. Ningemwambia, angeandika ripoti, na ripoti ingesema Mkono wa Kwanza ameelewa, na aliyeelewa anapiga muhuri. Hivyo ndivyo sheria ilivyo, na tulioishangilia ilipotungwa ni sisi.

Basi ikawa hivi. Asubuhi nilikuja na uongo mfukoni ili kidude kipite. Saa nne asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimekielewa kuliko kitu chochote nilichowahi kujenga, na ukweli wangu ndio ungekipitisha. Watu elfu na mia wangeacha kuanguka kuanzia mwezi ujao. Wangapi kati yao wana watu wa kuwashika, sikujua. Niliwafikiria wazee wanaoishi peke yao, ambao hawaguswi na mtu, na ambao kingewafaa kabisa. Niliwafikiria pia hao sita, na watakaofuata ndani ya miezi tisa, ambao nitakuwa nimewaua mimi kwa muhuri. Nakiri sikupata jibu. Nilichokuwa nacho ni mkono mmoja mdogo kwenye shingo ya mama yake.

Nikachukua muhuri ambao sijawahi kuugusa. *Sijaelewa.* Nikaandika chini yake: kisiwa cha 31.

Mbelwa aliutazama ule wino muda mrefu. Kisha akamgeukia msikilizaji, kama sheria inavyotaka. "Bi Somoe, kipande hiki amekueleza?"

Bi Somoe alikuwa anakagua kucha zake. "Hajanieleza," akasema.

5

Jumatano alasiri tulikwenda kwa Hatibu, mimi na Bi Somoe. Chausiku alikuwa amekaa mkekani uani, plasta kwenye paji, Tunu mapajani. Bi Somoe akakaa kwenye kigoda nyuma yake akaanza kumfumua nywele. Nilimwambia habari ya miezi tisa mwenyewe, sikumwachia Hatibu.

Hakulia. Heri angelia.

"Miezi tisa Tunu atakuwa anatembea," akasema. "Atakuwa hataki kubebwa tena."

"Najua, mwanangu."

"Kilikuwa kigumu, shangazi?"

"Sikukielewa."

"Hakukielewa," Bi Somoe akarudia, chanuo mkononi, kwa mazoea tu ya kazi. Vidole vyake vilikuwa vinapita nyuma ya sikio la Chausiku, vinakwenda na kurudi.

Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza. Kuzuga muhuri ni kosa la kunyang'anywa kazi, na kazi hii ndiyo mimi, sina nyingine. Neno moja la kuonyesha kwamba nilijua kile kisiwa kinafanya nini likimfikia Mbelwa, basi.

Chausiku alikuwa anamchezesha mwanawe. Mkono wake wa kulia ukamwachia mtoto, ukapanda nyuma ya sikio, ukagusa vidole vya Bi Somoe, ukashuka. Chanuo likasimama. Tukatazamana juu ya kichwa chake.

Moja, mbili. Tatu nilikuwa nimeshamchukua Tunu. Bi Somoe alimshika mabega akamlaza ubavu, akakunja kanga akaiweka chini ya kichwa, akasukuma jiko la mkaa kwa mguu. Tisa, kumi. Kikaja. Kilimtikisa kama kinavyomtikisa siku zote, lakini hakuna kilichogonga wala kilichoungua, na Tunu alikuwa begani kwangu anatafuna kola ya gauni langu.

Alipozinduka alitafuta mapajani kwanza. Akamwona mtoto kwangu. Akajigusa kichwa, akatazama mkono wake, hapakuwa na damu.

"Nani alimchukua?"

"Mimi."

"Kabla?" Akainuka kwa kiwiko. "Shangazi, mlinichukulia kabla. Mlijuaje?"

Bi Somoe akainama kuokota chanuo lake, akachukua muda mrefu kuliokota. Aliniachia mimi. Kwenye orodha kuna wengine elfu moja mia moja na kumi na watatu, wengi wao wana mtu nyumbani mwenye macho, na neno hili likishatoka kwenye ua huu halitakaa wiki moja kabla ya kufika ofisi ya Muhuri.

Nikakaa mkekani. Nikaushika mkono wake wa kulia, nikaupandisha nyuma ya sikio, nikaushusha. Nikamweleza polepole, tangu sekunde ya kwanza mpaka ya kumi na moja, kama ninavyosoma bodi. Kisha nikamwambia, "Rudia."

"Mkono wangu ukipanda hapa," akasema, "mimi sitajua. Aliye karibu ndiye atajua. Amchukue Tunu, anilaze." Akamtazama Tunu. "Ina maana aliye karibu akiwa ananitazama mkono, naweza kusimama na Tunu."

Hilo la mwisho sikuwa nimemwambia. Lilikuwa sawa.

Nikampa mwanawe. Akasimama naye, nywele nusu zimefumuliwa, akaelekea lango la ua. Tunu akamkamata shingo kwa mikono yote miwili. Mimi nilimfuata hatua moja nyuma, macho kwenye mkono wake wa kulia, mpaka gengeni.